Mfanyabiashara, Tajiri au Bepari? Neno "Merchant" na Anwani ya Mabepari wa Venisi

Katika makala haya tumekusudia kulizungumza neno moja tu la Kiingereza, nalo ni "merchant". Huenda mwalimu mwenzetu akauliza: neno kama hili, ambalo mwanafunzi hulipata katika kamusi kwa dakika moja, lina jambo gani hata lichukue kurasa za jarida letu? Jawabu ni kwamba neno hili limo katika anwani ya tamthilia mashuhuri ya Shakespeare, The Merchant of Venice. Mwalimu Julius Nyerere alipoifasiri tamthilia hiyo, ikachapishwa na Oxford University Press mwaka 1969, hakuiita Mfanyabiashara wa Venisi. Aliiita Mabepari wa Venisi. Mtu mmoja amegeuka kuwa watu wengi, na mwenye biashara amegeuka kuwa bepari.

Kila tunapokifundisha kitabu hiki hapakosi mwanafunzi wa kuuliza sababu. Mara ya kwanza tulipoulizwa tulijibu upesi. Tulisema kwamba mwezi wa Februari 1967 Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha, kwamba mfasiri alikuwa ndiye Rais na ndiye kiongozi wa siasa ya Ujamaa, na kwamba kwa hiyo aliipenyeza siasa yake katika kazi ya mtu mwingine. Wanafunzi waliliandika jibu letu katika madaftari yao, nasi tukaendelea na somo. Leo hatuna budi kukiri kwamba jibu lile lilikuwa nusu ya ukweli. Tulikuwa hatujalipima neno la Kiingereza, wala hatujalipima neno la Kiswahili. Tulikuwa tumempima mfasiri tu.

Neno katika Kiingereza

Neno "merchant" liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililirithi kutoka Kilatini, ambamo asili yake ni neno "merx", yaani bidhaa. Maana yake ya msingi ni mtu anayenunua na kuuza bidhaa kwa wingi, hasa zile zinazosafirishwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Hapo ndipo linapoachana na ndugu zake. "Trader" ni jina la jumla la kila afanyaye biashara. "Shopkeeper" ni mwenye duka. "Hawker" ni mchuuzi atembezaye vitu. "Merchant" ni mtu wa maghala na majahazi.

Katika Kiingereza cha leo neno hili ni la lugha rasmi. Mwingereza akiongea na jirani yake hasemi kwa kawaida kwamba shemeji yake ni "merchant". Atamwita "businessman", au atataja kile anachouza. Neno lenyewe limebaki katika vitabu vya historia, katika sheria, katika majina ya makampuni, na katika maneno ya kuungana. "Merchant ship" ni meli ya biashara, kinyume cha manowari. "Timber merchant" ni muuza mbao wa jumla. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 juu ya mauzo ya bidhaa, ambayo nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza ziliiga, ilitaka bidhaa ziwe "merchantable", yaani ziwe na ubora unaofaa kuuzwa.

Hata hivyo neno halikukaa mahali pamoja. Huko Scotland na Marekani lilishuka hadi likamhusu mwenye duka wa kawaida. Kwetu Afrika Mashariki lilishuka zaidi. Nani kati yetu hajapata kuona kibao kilichoandikwa "General Merchants" juu ya mlango wa duka lenye chumvi, sabuni na mafuta ya taa? Na siku hizi makampuni ya simu humwita "merchant" kila apokeaye malipo kwa simu, awe na ghorofa au awe na meza ya nyanya. Kwa hiyo mwanafunzi wetu huja darasani na picha ya duka la mtaani. Hamwoni Antonio wa Shakespeare, ambaye kwa wakati mmoja ana vyombo vilivyo safarini kwenda Tripoli, nchi za Hindi, Mexico na Uingereza.

Tena neno hili si safi kabisa hata kwa wenyewe. Tangu miaka ya 1930 watengenezaji na wauzaji wa silaha wamekuwa wakiitwa kwa Kiingereza wafanyabiashara wa mauti, na neno linalotumika hapo ni hilo hilo "merchant". Yafaa tulikumbuke jambo hili kabla hatujamlaumu mfasiri kwamba amelitia doa neno lisilo na doa.

Lililo kubwa kwetu ni hili: huyo "merchant" wa anwani ni nani? Wasomaji wengi, hata baadhi ya wale ambao Kiingereza ndiyo lugha ya mama yao, hudhani kwamba ni Shylock, kwa sababu Shylock ndiye asiyesahaulika. Sivyo. Ni Antonio. Ukurasa wa mbele wa chapa ya kwanza, ya mwaka 1600, unawatenga wawili hao waziwazi: unamtaja mfanyabiashara, kisha unataja ukatili wa Shylock Myahudi juu ya mfanyabiashara huyo. Shylock hasafirishi bidhaa. Kazi yake ni kukopesha fedha kwa riba. Faida ya Antonio iko mikononi mwa upepo na bahari. Faida ya Shylock imekwisha andikwa katika mkataba. Watazamaji wa London waliijua tofauti hiyo, maana sheria ya nchi yao ya mwaka 1571 ilikuwa bado inaiita riba dhambi, ingawa adhabu kali iliwekewa ile tu iliyozidi asilimia 10.

Lakini mtunzi mwenyewe hakuiacha tofauti hiyo ikae kwa amani. Mwaka 1598, tamthilia ilipoandikishwa katika daftari la wachapaji wa London, ilipewa majina mawili: Mfanyabiashara wa Venisi, au kwa jina jingine, Myahudi wa Venisi. Na katika mahakama, Portia aingiapo katika mavazi ya mwanasheria, jambo la kwanza atakalo kujua ni yupi kati ya watu wale wawili aliye mfanyabiashara na yupi aliye Myahudi. Swali hilo halikuwekwa bure. Mtu anayeona kwa macho mageni hawezi kuwatambua. Wote wawili ni watu wa fedha, wote wawili wana chuki, na kila mmoja anamtazama mwenzake kama kitu cha kuhesabiwa.

Neno katika Kiswahili

Sasa tuingie nyumbani. Tukimwambia mwanafunzi afasiri "merchant", atakimbilia neno linalolingana na lile la lugha ya mama yake. Muganda ataliwaza neno "omusuubuzi", Mnyarwanda "umucuruzi", Mrundi "umudandaza", na wote watatua kwenye "mfanyabiashara". Si kosa. Mfanyabiashara ni neno la wazi, halina sifa wala lawama. Upungufu wake ni kwamba halina kimo: muuza karanga ni mfanyabiashara, na mwenye meli kumi ni mfanyabiashara. Mchuuzi naye ni wa rejareja, kwa hiyo hafai hata kidogo.

Liko neno tajiri. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni mfanyabiashara hasa. Waswahili wa pwani walilitumia kwa mtu mwenye mali ya biashara na mwenye watu chini yake, ndiyo sababu mpaka leo mfanyakazi husikika akimwita mwajiri wake tajiri. Lakini katika matumizi ya wengi limehama: tajiri leo ni mtu mwenye mali nyingi, hata kama mali hiyo aliirithi na hajapata kuuza kitu maishani mwake. Methali isemayo kwamba maskini na mwanawe, tajiri na mali yake, haizungumzii biashara tena.

Na liko neno bepari. Hapa ndipo tulipokosea tulipowajibu wanafunzi wetu. Tulidhani ni neno lililozaliwa pamoja na siasa ya Ujamaa. Sivyo kabisa. Neno hili limetoka katika lugha za Bara Hindi, ambamo Wagujarati husema "vepari", na maana yake huko ni mfanyabiashara tu. Lilifika pwani yetu pamoja na wafanyabiashara wenyewe, na kwa muda mrefu kabla ya uhuru lilitumika kwa maana hiyo hiyo. Maana ya mnyonyaji, mwenye mtaji anayechuma jasho la wengine, ilikuja baadaye, Kiswahili kilipohitaji neno la kubeba nadharia za uchumi na siasa za karne ya 20.

Kwa hiyo mwaka 1969 neno bepari lilikuwa na nyuso mbili. Mzee wa Unguja aliweza kusikia humo mfanyabiashara mkubwa wa zamani; kijana wa Dar es Salaam alimsikia adui wa Ujamaa. Mfasiri hakulibuni neno, wala hakulipotosha. Alilichagua neno ambalo wakati ule lilikuwa limesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Iko sababu nyingine ambayo historia yetu yenyewe yaieleza. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19, mwenye bidhaa na mkopeshaji hawakuwa watu mbalimbali kama Antonio na Shylock. Walikuwa mara nyingi mtu mmoja. Wafanyabiashara wakubwa wa Kihindi wa Unguja waliwakopesha viongozi wa misafara nguo, shanga na bunduki, wakangoja pembe za ndovu zirudi. Taria Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip, na misafara ya Tippu Tip ndiyo iliyofika Manyema, huko mashariki ya Kongo, ikisambaza Kiswahili pamoja na maumivu mengi. Msomaji mwenye kumbukumbu hiyo haoni ajabu jina moja likiwachukua mtu wa majahazi na mtu wa mikopo pamoja.

Hukumu yetu juu ya anwani

Tumpime sasa mfasiri kwa haki. Wafaransa wanaiita tamthilia hii Le Marchand de Venise, na Wajerumani Der Kaufmann von Venedig. Wamebakiza umoja, na wamebakiza neno la kawaida la biashara. Kwa nini Kiswahili kisifanye hivyo?

Kwanza, lugha hizo zina kitambulishi, kile kidude kinachotangulia jina na kusema kwamba anayetajwa ni yule mmoja anayejulikana. Kiswahili hakina. Kwetu "Mfanyabiashara wa Venisi" ni mfanyabiashara yeyote wa mji huo. Anwani inakuwa baridi.

Pili, na hili ndilo tunaloliona kuwa zito, hebu tujaribu kuliacha neno bepari katika umoja: Bepari wa Venisi. Msomaji wa mwaka 1969, na zaidi msomaji wa leo, angemwelekezea nani kidole? Bila shaka Shylock. Kosa lile lile la wasomaji wengi wa Kiingereza lingekuwa limepigwa chapa juu ya jalada, tena likiwa na lawama ndani yake. Wingi ndio uliookoa jambo. Kwa kusema mabepari, anwani inakataa kumtwika mtu mmoja mzigo wa mji mzima. Inasema kwamba Antonio naye, pamoja na ukarimu wake, ni mtu wa mji unaopima kila kitu kwa fedha; kwamba Bassanio, anayekwenda kuposa kwa dukati 3,000 za mkopo, hayuko mbali nao; na kwamba ratili ya nyama ya mtu isingeweza kuwa rehani ila katika mji ambao umekwisha zoea kuweka rehani kila kitu. Hivyo wingi wa Kiswahili unalijibu swali la Portia mahakamani. Yupi mfanyabiashara, na yupi yule mwingine? Wote.

Hiyo ndiyo faida. Hasara nazo zipo, na hatutazificha. Antonio hukopesha bila riba, na hilo ndilo mojawapo la mambo yanayomchukiza Shylock. Mtu anayewakopesha rafiki zake bure, na anayehatarisha mwili wake kwa ajili ya rafiki, amehukumiwa na anwani kabla hajafungua mdomo. Aidha, hatari ya bahari, ambayo ndiyo roho ya neno "merchant", haimo katika neno bepari. Bepari wa nadharia hapati hasara. Antonio anapata, na tamthilia nzima imetundikwa juu ya habari za vyombo kuzama.

Na liko jambo moja ambalo hakuna mfasiri awezaye kulilaumiwa. Katika Kiingereza neno "merchant" na neno "mercy", yaani rehema, ni watoto wa ukoo mmoja. Yote mawili yametoka kwenye "merx" ya Kilatini: la kwanza kwa njia ya kuuza bidhaa, la pili kwa njia ya malipo na ujira, hata likafika kwenye thawabu ya Mungu na huruma. Portia anapomsihi Shylock awe na rehema, lugha yenyewe inaunganisha soko na msamaha. Kiswahili hakina uzi huo. Kina uzi mwingine: rehema yetu ya Kiarabu ni ndugu wa neno la Kiarabu lenye maana ya tumbo la uzazi. Mwingereza akichimba hukuta malipo. Sisi tukichimba hukuta mama. Na anayezungumza pale ni mwanamke aliyejificha katika nguo za kiume. Tumepoteza kitu, nasi tumepewa kitu.

Neno likibadilika mikononi mwetu

Lakini maneno hayangoji. Uso mmoja wa neno bepari umekwisha futika. Mwanafunzi wa leo hasikii mfanyabiashara humo hata kidogo, anasikia tusi. Ushahidi ni rahisi. Katika Injili ya Mathayo yumo mtu atafutaye lulu nzuri, ambaye Biblia za Kiingereza humwita "merchant". Vitabu vya Kiingereza juu ya maisha ya Mtume Muhammad humwita Bi Khadija kwa neno hilo hilo. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayeandika ubaoni kwamba mtafuta lulu alikuwa bepari, au kwamba Bi Khadija alikuwa bepari. Kwa hiyo anwani ya mwaka 1969 haituruhusu kuandika katika daftari la msamiati kwamba "merchant" ni bepari. Ni tafsiri ya anwani moja, kwa sababu maalumu, katika wakati maalumu.

Sisi wa Uganda tuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa nchi hii siku 90 waondoke. Walishutumiwa kwamba wanaunyonya uchumi, na hesabu ya makosa haikufanywa mtu kwa mtu, bali kwa ukoo na rangi. Hatusemi kwamba neno fulani liliwafukuza watu. Tunasema kwamba jina la kazi likigeuka kuwa jina la kosa, na jina la kosa likibandikwa kabila au dini, mambo ya Venisi yanakuwa si mbali tena. Ni jambo la kusikitisha kwamba neno walilolileta Wagujarati kwa maana ya heshima ya kazi yao ndilo lililokuja kutumika kuwashutumu. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma Makerere, hapa Kampala, kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, alikuwa miongoni mwa viongozi wa Afrika waliokilaani kitendo kile kuwa cha ubaguzi. Nasi tukiisoma upya anwani yake tunaona kwamba wingi wake unakwenda njia hiyo hiyo: unaulaumu mwenendo, hauwalaumu Wayahudi.

Darasani

Tumalizie kwa mambo matatu ambayo tungependa walimu wenzetu wayajaribu.

La kwanza, tusimpe mwanafunzi neno moja la Kiswahili badala ya "merchant". Tumpe sentensi kadhaa, tumwachie aamue: meli ya biashara, muuza mbao wa jumla, mwenye duka, tajiri wa msafara, mtafuta lulu. Atagundua mwenyewe kwamba kila sentensi ina haki yake.

La pili, kabla ya kufungua Mabepari wa Venisi, tuwaulize wanafunzi ni nani aliye bepari katika mchezo huu, tuyaandike majibu yao ubaoni. Tukimaliza kitabu tuwaulize tena. Katika madarasa yetu jibu la kwanza huwa ni Shylock kwa kauli moja. Jibu la mwisho halijawa la kauli moja hata mara moja, na mjadala huo una faida kuliko maelezo yetu yote.

La tatu ni letu sisi walimu. Methali yatuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno nayo ni mali. Tusipoandika yalikotoka na yalivyobadilika, tutawafundisha watoto kumhukumu mfasiri kwa maana ambayo neno lilipata baada yake, kama tulivyofanya sisi. Wale wanafunzi wa mwanzo wamekwisha tawanyika, na madaftari yao bado yana jibu letu la haraka. Makala haya ni masahihisho yake, na ikiwa mmoja wao atayasoma, tunamwomba alifute lile la kwanza.